Vidonge nyumbani au kitanda cha hospitali? Mirija ya uzazi ikivimba ghafla

Alifika kabla ya saa moja asubuhi, amekaa upande juu ya pikipiki, mkono mmoja tumboni, mwingine kwenye bega la motari. Muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, katika soko la Kadutu, miaka 26. Kabla hajafungua mdomo, motari ndiye aliyesema: "Mama, tangu Cimpunda kila jiwe analia."

Neno hilo la motari lilinifaa kuliko karatasi zote alizoleta. Tumbo linalouma kila pikipiki inaporuka shimo limewaka hadi kwenye utando wake wa ndani. Mtu wa namna hiyo hapewi vidonge viwili na kurudishwa mlimani.

"Iko inauma fasi gani?"

"Huku chini, pande zote mbili. Leo siku ya tano."

"Na uchafu, unatoka?"

Aliangalia kwanza kama mlango umefungwa. "Unatoka. Wa manjano. Unanuka."

Ndani ya kikoba chake mlikuwa na karatasi ya kipimo cha damu cha Widal iliyosema tifoide, pakiti tupu ya dawa ya malaria, na vidonge vinne vya siprofloksasini vilivyobaki kati ya kumi. Kisha akaniuliza lile swali ninaloulizwa karibu kila juma tangu nianze uuguzi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo: "Mutaniweka serumu, ao mutanipa vidonge niende?" Serumu kwetu ni ile chupa ya maji ya kutundikwa.

Juma lile lile alikuja fundi cherehani wa Nyawera mwenye ugonjwa huo huo. Yeye alirudi kwake na vidonge. Muuza sambaza alipelekwa hospitali akalazwa. Shangazi wa muuza sambaza alinijia juu: kwa nini mtoto wake aingizwe kwenye gharama wakati mwingine ametibiwa bila kulala? Nilimjibu siku hiyo nikiwa na haraka. Hapa najibu kwa kituo, kwa ajili ya yeyote atakayekutana na uamuzi huo.

Kinachowaka ni nini

Daktari anaweza kuandika salpinjiti, au aneksiti kali, au maambukizi ya viungo vya uzazi vya ndani. Majina ni mengi, mambo ni yale yale: vijidudu vimepanda kutoka ukeni, vimevuka mlango wa kizazi, vimepita mji wa mimba na kufika kwenye mirija na ovari. Kisonono na klamidia ndivyo vinavyosemwa sana, ila mara nyingi huwa ni mchanganyiko, pamoja na vijidudu vya kawaida vya ukeni vilivyozidi kipimo. Kuna wanaoanza kuugua baada ya kujifungua, baada ya mimba kuharibika au kutolewa, au katika majuma matatu ya kwanza ya kuwekewa kitanzi.

Mrija wenyewe ni kitu kidogo. Pale unapopenya ukuta wa mji wa mimba, njia ya ndani haizidi milimita moja. Usaha ukikaa humo, kuta hushikana, na hata homa ikiisha kovu linabaki. Huko Lund, Uswidi, madaktari waliwafuatilia wanawake kwa miaka mingi na kutoa hesabu yao mwaka 1992: baada ya kuugua mara moja, wanawake 8 kati ya 100 walikosa uzazi kwa sababu ya mirija kuziba, baada ya mara mbili, karibu 20, baada ya mara tatu, 40. Ninapomwona msichana wa miaka 19 anayesema "hii huwa inanikamata kila mwaka, inaisha yenyewe", hesabu hiyo ndiyo inayonijia.

Kwanza hakikisha ni mirija

Nikianza kupanga nyumbani upande huu na hospitali upande ule, nitakuwa nimeruka hatua. Tumbo la chini la mwanamke lina magonjwa yanayofanana kama watoto mapacha, na mengine hayasubiri kesho.

La kwanza ni mimba iliyotunga nje ya kizazi. Maumivu yake mara nyingi hukaa upande mmoja, damu inatoka kidogo kidogo ya rangi nyeusi, hedhi imechelewa, na mgonjwa anaweza kuona kizunguzungu au kuumwa begani. Bega linauma kwa sababu damu iliyomwagika tumboni inachokoza kiwambo cha kupumulia. Miaka ya nyuma, nikiwa mgeni katika kazi, nilimpa msichana mmoja dawa za mirija bila kumpima mimba, kwa kuwa aliniapia kwamba hedhi yake ilikuja. Ilikuja kweli, lakini haikuwa hedhi. Alirudishwa usiku, mweupe kama karatasi, akapasuliwa, akapona. Tangu siku hiyo hakuna mwenye mfuko wa uzazi anayelalamika tumbo la chini mbele yangu ambaye hakojoi kwenye kikopo kwanza. Awe ameolewa, awe mtawa, awe amefunga kizazi.

La pili ni apendisiti, yaani kidole tumbo. Huanzia kitovuni au juu ya tumbo, kisha maumivu yanahamia kulia chini, na chakula kinamchukiza mgonjwa kabisa. Mirija kwa kawaida huuma pande zote mbili tangu mwanzo, ingawa haikosi kutudanganya. Tena kuna ujanja mwingine wa mirija ambao wengi hawaujui: usaha unaweza kupanda hadi kwenye ngozi ya ini, mgonjwa akalalamika chini ya mbavu za kulia, akatibiwa nyongo mwezi mzima.

Ugonjwa wa mkojo huunguza wakati wa kukojoa na kukufanya ukimbilie choo kila mara, lakini mlango wa kizazi ukiguswa hauumi.

Halafu ndiyo hii tifoide yetu. Bukavu nzima ina tifoide, ukisikiliza karatasi. Kipimo cha Widal kilibuniwa Ufaransa mwaka 1896, kinatafuta alama ambazo mwili huziacha kwenye damu, na alama hizo hubaki muda mrefu baada ya ugonjwa kupita, au hutokea kwa sababu ya vijidudu vingine kabisa. Widal moja yenye msalaba, ile alama ya +, haithibitishi chochote, na wala haielezi uchafu wa manjano ukeni. Muuza sambaza alipoteza siku tano kwenye karatasi hiyo.

Ndiyo maana hakuna uchaguzi wa haki bila mambo mawili: kipimo cha mimba, na kuchunguzwa kwa mkono. Najua wengi wanaona haya, hasa mchunguzi akiwa mwanaume. Omba mwanamke, au omba dada yako asimame pembeni. Lakini ile dakika moja ya kuusogeza mlango wa kizazi kwa vidole na kuona kama mgonjwa anaruka kitandani, hakuna mashine ya bei ndogo inayoweza kuchukua nafasi yake. Ekografi, yaani ultrasaundi, inasaidia kuona mfuko wa usaha au mimba ya nje. Ikitoka safi haimaanishi mirija haiugui.

Njia ya nyumbani

Fundi cherehani alikuwa na maumivu ya siku mbili. Joto 37,8. Tumbo laini, halikakamai likibonyezwa. Kipimo cha mimba hasi. Hakutapika. Alikuja kwa miguu kutoka kituo cha basi, akakaa kwenye benchi akisubiri zamu yake huku akishona kifungo cha mtu. Nyumba yake ina mama mkwe, ina simu, na iko karibu na barabara.

Matibabu ya mtu kama yeye yanafahamika. Sindano moja ya seftriaksoni ya miligramu 500 kwenye msuli, siku hiyo hiyo. Kisha doksisiklini ya miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku 14, pamoja na metronidazoli ya miligramu 500 asubuhi na jioni kwa siku hizo hizo 14. Vidonge vya metronidazoli vingi vinavyouzwa hapa ni vya miligramu 250, kwa hiyo anameza viwili kwa pamoja. Ukijumlisha, anatoka na doksisiklini 28 na metronidazoli 56, vidonge 84 kwa jumla. Namhesabia mbele yake, kwa sauti, ili ajue mlima anaoupanda. Dozi huandikwa na aliyemchunguza. Ninazitaja ili uweze kugundua ukipewa nusu.

Ugumu wa njia hii hauko kwenye sindano. Uko kwenye siku ya tano, maumivu yakiwa yameisha na mdomo unaonja chuma. Metronidazoli ina ladha hiyo na inaleta kichefuchefu. Meza baada ya bugali, si kabla. Doksisiklini nayo ikikwama kooni inaunguza: bilauri nzima ya maji, na usilale kwa nusu saa. Ukipenda mashanza, yaani maziwa ya mgando, yaache yapite masaa mawili kabla au baada ya kidonge, kwani maziwa yanapunguza nguvu ya dawa. Vidonge vya damu vya wajawazito na upungufu wa damu vinaipunguza zaidi. Jua la adhuhuri litakuchoma ngozi haraka kuliko kawaida, hivyo muuza soko avae kitambaa. Kasiksi na Primus visubiri. Madaktari wengi bado wanakataza pombe na metronidazoli, nami sioni hasara ya kuiacha majuma mawili.

Doksisiklini haifai mwenye mimba. Hapo tena tunarudi kwenye kile kikopo.

Njia ya kitanda

Muuza sambaza alikuwa na joto 38,9. Alitapika mara mbili akiwa uani kwetu. Tumbo lilikakamaa nilipoligusa kushoto, na upande huo kulikuwa na kitu kigumu kinachouma. Ekografi ya hospitali ilionyesha mfuko wa usaha ulioshika mrija na ovari. Kwa mtu huyo hatukuwa na swali la kuchagua.

Wanaopaswa kulazwa wanajulikana, na shangazi yake nilipaswa kumtajia siku ile. Yule ambaye hatuwezi kuapa kwamba si kidole tumbo wala mimba ya nje. Mwenye usaha uliokusanyika. Mwenye mimba. Anayetapika, kwa sababu kidonge kilichotapikwa hakikutibu. Mwenye homa kali na hali mbaya. Na yule aliyemeza vidonge vizuri siku tatu bila kupata nafuu. Mimi naongeza mmoja wa hapa kwetu: aliyeanza homa baada ya mimba kutolewa kwa siri. Huyo huficha, na sisi tunapoteza muda. Niambie, sitamwambia mama yako.

Hospitalini dawa ni za ukoo ule ule. Seftriaksoni gramu moja kila siku kwenye mshipa, doksisiklini na metronidazoli kila masaa 12. Au klindamisini na jentamisini zikipatikana hizo. Mgonjwa akionyesha nafuu kwa siku moja au mbili anahamishiwa vidonge, na vidonge hivyo vinaendelea nyumbani mpaka siku 14 zitimie. Mwenye usaha hukaa zaidi chini ya macho ya daktari, na mfuko usiponywea huweza kutolewa kwa sindano au kwa kisu. Ukipasuka, ni chumba cha upasuaji usiku huo huo.

Kwa hiyo hata aliyelazwa anamalizia kwake. Kitanda kinakupa mwanzo ulio salama, na watu wa kukuangalia.

Kuna mwanamke mmoja ambaye sitaki ajitafute kwenye njia hizi mbili: aliyebakwa. Yeye asingoje tumbo liume. Dawa ya kuzuia VVU inataka ianze ndani ya masaa 72, na hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, miaka mingi kabla ya Nobeli yake ya 2018, ina huduma ya bure kwa ajili yake.

Habari ya serumu

Hapa ndipo ninapogombana na mtaa mzima. Kwetu, mtu ambaye hakutundikiwa chupa hajatibiwa. Nimeona familia ikikopa ili tu mgonjwa "awekewe maji", na mgonjwa mwenyewe akijisikia afadhali kabla tone la kwanza halijafika mshiponi.

Maji ya serumu ni maji na chumvi, au maji na sukari. Yanamfaa aliyetapika akakauka. Vijidudu vya kwenye mrija haviyaogopi. Kinachoviua ni dawa iliyotiwa humo, na kwa mgonjwa ambaye hali si mbaya, dawa hiyo ikipita mdomoni inafika vile vile. Jambo hilo lilipimwa Marekani. Wanawake 831 wenye ugonjwa huu, ule mwepesi na wa kadiri, waligawanywa kwa kura: wengine wakalazwa na kupewa dawa ya mshipa kwanza, wengine wakapewa sindano moja na vidonge vya nyumbani. Walifuatiliwa kwa wastani wa miezi 35, na matokeo yakatolewa mwaka 2002. Waliopata mimba baadaye walikuwa karibu 42 kwa kila 100 katika makundi yote mawili. Kurudiwa na ugonjwa, maumivu sugu ya nyonga, mimba ya nje: hakuna kundi lililolishinda jingine kwa kiasi cha maana.

Lakini soma maneno "mwepesi na wa kadiri" mara mbili. Wenye usaha na wanaotapika hawakuwemo. Utafiti huo unamwondolea hofu fundi cherehani wangu. Hauna neno kwa muuza sambaza.

Mji wetu una masharti yake

Vitabu vinasema mgonjwa mwepesi atibiwe nyumbani. Vitabu havijapanda ngazi za udongo za Cimpunda mvua ikinyesha.

Kabla sijamwachia mtu aende, namuuliza anaishi wapi, tena na nani. Maumivu yakizidi saa tano ya usiku, nani atambeba, na pikipiki ipi itakubali kutembea? Mgonjwa wa Bagira anayelala peke yake na mtoto wa miaka minne ni mgonjwa mwingine kuliko yule wa Nyawera mwenye mama mkwe, hata kama homa zao zinalingana. Nimewahi kumlaza mtu usiku mmoja kwa sababu ya barabara tu, na sijutii.

Upande wa kitanda nao una miiba. Gharama ya kulala haiko kwenye dawa peke yake: kuna ndugu wa kukulinda, kuna chakula cha watu wawili, kuna meza ya sokoni isiyofunguliwa. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini na benki zikafungwa, dola ya mkononi imekuwa adimu hata kwa mwenye mshahara. Watu wanaogopa kupona halafu wazuiliwe kutoka kwa sababu ya deni. Hofu hiyo ina msingi, kwa hiyo usiifiche: uliza mlangoni dawa zipi utanunua mwenyewe, ongea mapema na anayeshughulikia malipo, na uulize ni siku ngapi wanakadiria. Anayeuliza siku ya kwanza husikilizwa vizuri kuliko anayelia siku ya kutoka.

Ila nikilazimika kusema wazi, nitasema. Ukiwa na dalili za kulazwa, uhaba wa pesa haukuhamishii kwenye kundi la nyumbani. Unakupa kazi ya kutafuta wa kukusaidia, leo, huku umeshaingia.

Farmasia na mizizi

Wengi wetu tunaanzia kwenye njia ya tatu: kumweleza mwenye farmasia kupitia dirishani, kwa sauti ya chini, kwamba "nina infeksio". Atakupa siprofloksasini kumi, au sindano moja ya kitu. Nafuu itakuja siku ya pili, na hapo ndipo hatari ilipo. Kisonono kimeizoea siprofloksasini. Tangu 2007 Wamarekani waliiondoa kwenye dawa za kuanzia za kisonono na za ugonjwa huu kwa sababu hiyo. Homa inashuka kidogo, vijidudu vinabaki mrijani vikifanya kazi yao kimya. Katika kulinganisha, njia hii ndiyo rahisi siku ya kwanza na ndiyo ghali miaka mitano baadaye, wakati mwanamke anazunguka na mume wake kutafuta mtoto.

Mizizi ya kusukumiwa kwa nyuma, ndimu na chumvi ya kujisafishia ndani, tumbaku ya kukaza: sitaki kumtukana bibi wa mtu, na kuna mitishamba ninayoiheshimu kwa kikohozi. Kwa tumbo la chini linalowaka, hapana. Maji yoyote unayojisukumia ukeni yanavuruga walinzi wa asili wa mahali pale na kuwafungulia njia wale wabaya. Na tumbo lenye usaha halipigwi bomba.

Mume aliye Kamituga

Fundi cherehani alinyamaza nilipomwambia mume naye anahitaji dawa. Mume wake anachimba dhahabu Kamituga, hurudi mara moja kwa mwezi.

"Nitamwambia nini, Mama? Atasema ni mimi."

Nilimweleza awaze hivi: klamidia inaweza kukaa mwilini miezi mingi, hata mwaka na zaidi, bila dalili, kwa mwanaume na kwa mwanamke. Leo haionyeshi nani alianza. Pia kuna mirija inayovimba bila kisonono wala klamidia. Yeyote uliyelala naye katika siku 60 zilizopita anatibiwa, ana dalili au hana: sindano ya seftriaksoni na doksisiklini ya siku 7. Na hakuna kukutana kimwili mpaka wote wawili wamemaliza. Tukampigia pale pale, simu ikiwa wazi mezani. Mwanaume alikohoa, akauliza kama sindano hiyo iko Kamituga pia. Ilitosha.

Hapo ndipo njia zote mbili zinapolingana kabisa. Aliyelala hospitali siku tano akarudi kwa mume asiyetibiwa anaanza upya, sawa na yule wa vidonge. Kipimo cha VVU na cha kaswende nacho ni cha wote wawili, siku hiyo hiyo ya kwanza. Mwenye kitanzi asikimbilie kukitoa. Kinaweza kubaki, na kama siku ya tatu hakuna nafuu ndipo daktari atafikiria.

Siku ya tatu

Nikiombwa nichague kwa niaba yako, nitakuuliza maswali matatu tu. Je, imehakikishwa kwamba si mimba ya nje wala kidole tumbo? Je, kidonge kitakaa tumboni? Je, siku ya tatu utarudi? Ukijibu ndiyo mara tatu, nenda nyumbani kwa amani. Ukisita kwenye moja, omba kitanda.

Siku ya tatu ndiyo watu wanaipuuza. Masaa 72 baada ya dawa ya kwanza, homa inapaswa kuwa imeshuka, tumbo limelainika, mlango wa kizazi ukiguswa usimrushe mtu. Kama sivyo, dawa haifanyi kazi, au tulikosea ugonjwa, au kuna usaha ambao hatukuuona. Vyote vitatu ni vya hospitali, na vyote vitatu vinasameheka vikigunduliwa siku hiyo.

Muuza sambaza alilala siku sita. Usaha ulinywea bila kisu. Meza yake sokoni ilishikiliwa na yule shangazi, ambaye hadi leo ananisalimia kwa kidevu tu.

Fundi cherehani alirudi asubuhi ya siku ya tatu kama tulivyopatana, na mkoba wa vitambaa begani. Joto 36,7. Alisema tumbo limebaki na kiuchungu kidogo anapoinuka. Nikamwomba vidonge vyake. Alivitoa kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, akavimwaga juu ya kitambaa cha meza, tukavihesabu wawili. Doksisiklini 22. Metronidazoli 44. Aliniangalia.

"Ziko sawa," nikamwambia. "Rudisha kwenye kopo."